Meno ya Getini

Msimcheke kijana wa watu. Kaja hapa kijiweni anakokota pikipiki kama anarudisha ng'ombe mgonjwa zizini, tairi la mbele limelala chapati, na lile sanduku la chakula bado linanukia kuku. Tukamuuliza, "Msumari?" Akasonya msonyo mrefu, ule wa kwao Kibokoni. "Meno, mzee wangu. Meno ya pakingi."

Basi tangu alasiri hiyo hatuna gumzo jingine.

Kijiwe chenyewe ni cha watu wa Ghulail wasio na Ghulail. Mtaa wetu ule wa kusini mwa Jeddah, ubavuni mwa mtaa wa Petromin, uliingia kwenye orodha ya mitaa zaidi ya 60 ya kubomolewa, na mwishoni mwa 2021 mabuldoza yakaja kweli. Kule vichochoroni gari lilikuwa mzigo. Pikipiki, hiyo wenyeji wanayoiita dabbab, ndiyo ilikuwa miguu. Geti hatukulijua, tiketi hatukuijua. Aliyekupunguza mwendo ni mtoto aliyekurupuka nyuma ya mpira. Leo kijana aliyejifunza klachi kwenye mchanga ule anapanda majengo ya ghorofa za magari, kuna mashine, kuna mti unaoshuka wenyewe, na chini kuna meno.

Mkenya yeyote ukimtajia misumari barabarani anawaza kizuizi cha polisi, lile libao la chuma linalolazwa njiani upite kwa kujipinda. Lile halina rafiki. Uende, urudi, litakutoboa. Haya ya pakingi yana adabu yake. Kila jino limefungwa kwenye chuma kama bawaba, limeinamia upande unaokwenda. Tairi likija kwa njia yake linalisukuma, linalala. Likishapita, springi au uzito wa mkiani unalisimamisha tena. Ukija kinyume, jino haliinami, linakuchoma. Kazi yake ni kumzuia mtu asitokee mlango wa kuingilia akakwepa kulipa. Hadi hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kwamba aliyeyaweka alikuwa anafikiria magari. Gari lina tani nzima ya kulaza chuma. Pikipiki ndogo ya kazi ni kama kilo mia na kitu, ongeza kijana mwembamba na kuku wake. Jino zima, lililopakwa grisi, litalala tu. Lakini huu ni mji wa Bahari ya Shamu jamani, hewa yenyewe ina chumvi, na vumbi likija linajaa kwenye kila bawaba. Nimewahi kuinama nikaangalia: meno kumi na mbili, matatu yamekwama yakiwa nusu wima, moja limevunjika limebaki kisiki chenye makali. Gari linapita halijui. Wewe mwenye tairi jembamba ukikanyaga kisiki hicho unajua.

Mtanga wetu mmoja, mtu wa kubisha hata kwa azana, akasema dawa ni kushuka na kuisukuma. Nikamwambia, kaka, ukishuka umeondoa uzito ambao ungelaza jino, na sasa wewe mwenyewe umesimama kwa kandambili kwenye chuma kinachoinuka. Kanyageni vizuri.

Mwenzake akaja na ya kwake: pita mbio, meno yasiwahi kuinuka. Mtume! Jino linalogongwa kwa kasi linaruka, na tumbo la pikipiki liko karibu na ardhi. Pita pole, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, mafuta yale yale, usukani umenyooka, tairi liyakute meno kwa mraba, si kwa mshazari. Breki usiiguse ukiwa juu ya chuma, hasa kikiwa kimelowa, maana kinateleza kama sabuni. Mguu usishushe. Na la kwanza kabla ya yote, simama nyuma kabisa uyatazame. Ukiona moja halieleweki, hamia njia nyingine, au muulize mlinzi pa kupitia. Ziko pakingi zenye upenyo wa pikipiki pembeni. Hakuna anayekuonyesha mpaka uulize.

Sasa kijana wetu hayo yote anayajua. Kilichomponza ni mti wa geti.

Chini ya lami pale kwenye mashine kumezungushwa waya unaohisi chuma. Gari likikaa juu yake, mashine inaamka. Pikipiki chuma chake kidogo, mara nyingi waya hauioni. Ndiyo maana wajuzi wanaweka magurudumu juu ya ule mstari uliokatwa kwenye lami, pale waya ulipo, badala ya kukaa katikati. Yeye alikaa katikati. Mashine kimya. Gari likaja likafunguliwa, mlinzi akampungia mkono: pita nyuma ya gari hilo. Akapita. Tairi la mbele likavuka meno, na mti, ambao kwa hesabu yake gari limeshaingia na hakuna mwingine, ukaanza kushuka usawa wa kofia yake. Ungefanya nini wewe? Akakamata breki, akajivuta nyuma kidogo, shubiri moja hivi.

Shubiri hiyo ilitosha. Meno yalikuwa yameshasimama katikati ya magurudumu mawili, yakilingoja la nyuma. La mbele likayarudia.

Mlinzi akaja mbio. Akamwambia dabbab mamnuu, marufuku, hapa. Yaani yule yule aliyempungia mkono! Hapo kijiwe kizima tulisonya kwa pamoja, ungedhani tumepangwa.

Tukamkokotea hadi kwa banshari. Hili neno linanifurahisha: sisi tunasema pancha, Mwarabu hana "p", kwa hiyo fundi wa matairi ni banshari, na bango lake limeandikwa hivyo kila kona ya mji. Fundi, Myemeni, akauchomoa mpira wa ndani akauzamisha kwenye beseni. Mapovu yakatoka sehemu mbili. Akamtazama kijana, akainua vidole viwili, kisha akavipinda kama jino linaloinuka.

Simu ikaita. Mteja, ghorofa ya nne ya jengo lile lile, anauliza chakula chake kiko wapi. Kabla kijana hajamaliza kueleza, oda ikafutwa.

Kuku tukamla sisi. Alikuwa amepoa, na pilipili haitoshi.