Kidogo Tu: Ukataji na Maafa Yake Madogo

Ukataji ni kazi ya kutenganisha kitu kwa makali, na kinachoutofautisha na kazi nyingine za mikono ni kwamba hauna njia ya kurudi nyuma, kwa kuwa mshono uliokosewa hufumuliwa na msumari uliopinda hung'olewa, ilhali kilichokatwa kimekwisha kukatwa. Kwa sababu hiyo ingetarajiwa kwamba kila mkasi utanguliwe na mashauriano marefu. Hali ilivyo katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki ni kinyume kabisa, maana maagizo mengi ya kukata hutolewa kwa maneno mawili, "kidogo tu", ambayo mteja huyatamka akiwa na kipimo chake kichwani, na fundi akayapokea akiwa na chake.

Maafa yanayosameheka upesi ni yale ya shambani. Muhogo kwa kawaida hupandwa kwa pingili, yaani vipande vya shina vyenye urefu wa sentimita 20 hadi 30 na macho kadhaa ya kuchipulia, na hata kibarua asiye makini akichomeka pingili kichwa chini, chipukizi hukawia lakini mara nyingi hujitafutia njia ya kutokea bila kumshtaki mtu.

Kichwa cha binadamu hakina uvumilivu huo. Mashine ya kunyolea huvikwa kitana chenye namba, ambapo namba 1 huacha nywele za takriban milimita 3 na namba 2 huacha milimita 6, kwa hiyo ugomvi mwingi wa kinyozi na mteja wake, ukipimwa kwa rula, ni wa milimita tatu. Mteja husema apunguziwe kidogo, huku akionyesha ukutani picha ya kijana ambaye nywele zake, wala sura yake, yeye hakuja nazo. Lipo pia janga lisilo na wa kulaumiwa kibandani humo, nalo ni umeme kukatika wakati upande mmoja wa kichwa umemalizika na wa pili haujaguswa, ambapo mteja hulazimika kuchagua kati ya kusubiri na kuazima kofia. Si kila kofia inayopita mtaani mchana imevaliwa kwa ajili ya jua. Hata hivyo nywele huota kwa wastani wa sentimita moja hivi kwa mwezi, na aibu yake ina tarehe ya mwisho.

Kitambaa hakioti, na ndiyo maana maafa makubwa hutokea mezani kwa fundi cherehani. Kila kitambaa kilichofumwa kina mtande, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu wake, na mshindio, yaani nyuzi zinazoukata mtande kwa upana. Kikikatwa kwa kuzifuata nyuzi hizo hakivutiki sana, na kikikatwa hanamu, maana yake kimshazari, hunyumbuka na kuufuata mwili. Sketi iliyokusudiwa kutiririka kwa madaha, ikikatwa kwa kufuata mtande, humzunguka mwenyewe kama pipa, na ile iliyokatwa hanamu bila kutundikwa kwanza ikatulia huweza kushuka upande mmoja na kubaki juu upande wa pili. Pamba isiyoloweshwa kabla ya kukatwa nayo hurudi inapofuliwa, yaani hupungua, na gauni lililomkaa vizuri dada mtu siku ya sherehe likahitaji mdogo wake siku ya pili.

Kanga huongeza hatari ya aina yake. Huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana, na kila kipande kina pindo pande zote, mji katikati na jina, ambalo ni maandishi yaliyo chini ya mji. Fundi anayeshona gauni la kanga bila kusoma alichokiweka chini ya mkasi anaweza kuligawa jina lenye methali ya mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, hivi kwamba kifuani pabaki kikohozi peke yake, na mgongoni, chini kidogo ya kiuno, pakatangazwa kwa herufi kubwa kwamba hayawezi kufichika.

Mafundi wamejiwekea utetezi wa ngazi tatu kwa hali kama hizo. Ngazi ya kwanza ni ya fasheni: "Ndiyo inayovaliwa siku hizi, dada." Ngazi ya pili humrudishia mteja kosa kwa heshima: "Mama, nilipokupima hukuwa hivi." Ya tatu hukitwika mzigo kitambaa chenyewe kwamba hakikutosha, hoja inayodhoofika pale mtoto wa fundi anapoonekana Jumapili amevaa shati la maua yaleyale. Utetezi huo ukishindwa, hufuata suluhu, ambapo gauni huwa blauzi, blauzi ikawa nguo ya mtoto, na nguo ya mtoto ikawa foronya. Kwa mantiki hiyo ya ufundi hakuna kitambaa kilichokatwa vibaya duniani. Kipo tu kilichokatwa sawasawa kwa mtu ambaye bado hajaletwa kupimwa.