Macho Yako Yanakuchongea

Kuna kamera isiyojali kama umependeza. Unasoma sentensi, yenyewe inafuata mboni ya jicho, hata mara 1,000 kwa sekunde. Kwa hilo wanasaikolojia hukisia ulipoelewa na ulipojifanya umeelewa. Tuhesabu siri tano za macho, kinyumenyume.

5. Macho hayatelezi, yanaruka kama panzi. Maabara ya Émile Javal, Paris, iliona hilo tangu miaka ya 1870. Jicho hutua kama robo sekunde, huruka herufi 7 hadi 9 hivi, na likiwa hewani halishiki neno lolote.

4. Unaruka maneno. Kwa Kiingereza, karibu theluthi yake, hasa yale mafupi. Mwalimu aliyekukazania usome neno kwa neno, yeye mwenyewe alikuwa anayaruka.

3. Tuzo ya ujasiri: watu waliofanyiwa majaribio na mwanasaikolojia Edmund Huey, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Aliwavisha jichoni kikombe cha plasta chenye tundu, kikavuta kijiti chepesi cha alumini kuchora kila mruko. Ganzi? Kokeini. Na walikubali! Siku hizi mtu ukimpa dodoso la kurasa mbili anauliza posho.

2. Unachungulia mbele. Mwaka 1975 watafiti George McConkie na Keith Rayner waliifanya kompyuta ifiche herufi zote isipokuwa zilizo karibu na jicho. Msomaji wa Kiingereza hufaidi herufi 3 au 4 kushoto, lakini kulia hufika 15. Wa Kiebrania? Mgeuze.

1. Sasa soma: “Juma alipokuwa akila kuku alimdonoa mguuni.”

Umerudi, sivyo? Ulishamlisha Juma kuku, pengine na pilau, kumbe kuku yu hai na ana hasira. Mwaka 1982 Lyn Frazier na Rayner walipima mitego ya namna hii kwa Kiingereza: kwenye neno linaloharibu mpango, jicho huganda au hurudi nyuma. Yaani hatusubiri sentensi iishe. Tunahukumu mapema, rufaa baadaye. Ndiyo maana nawaonea shaka wauzaji wa programu za kusoma mbio, neno moja moja kwenye skrini, bila nafasi ya kurudi nyuma. Jaribio la 2014 lilifuta kila neno jicho lilipolipita, na uelewa ukashuka.

Mkato baada ya “akila” ungesaidia, lakini wewe tu. Juma angedonolewa vilevile.