Laini Tatu, Mnara Mmoja: Mwongozo kwa Mgeni wa Machimboni

Hongera kwa kuhamia Nyarugusu. Au Rwamagasa, au Mwakitolyo. Mwongozo ni uleule. Umekuja kununua dhahabu, kufundisha, au kushika hesabu za mgodi wa mtu, na intaneti inazunguka tu. Umesikia kwamba laini tatu zikiunganishwa, spidi inakuwa mara tatu. Kwenye karatasi ni kweli. Fuata hatua hizi.

Kwanza, sajili laini. Chukua Voda, Airtel na Halotel, kwa namba yako ya NIDA na kidole chako mwenyewe. Usichukue mbili za kampuni moja: kanuni za mwaka 2020 zinampa mtu binafsi laini moja kwa kila mtandao kwa kupiga, meseji na data, zaidi ya hapo ni kibali. Kila anayekushauri ana nne, usimuulize alizipataje. Kabla hujatoka chini ya mwavuli wa wakala, bonyeza *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa jina lako. Tahadhari: ukikuta usiyoijua, hiyo ndiyo yenye mtandao mzuri.

Pili, weka bando. Weka matatu. Utatafutwa na kijana anayeuza laini ya chuo, ile ya bando nafuu la wanafunzi, ingawa chuo chenyewe hajawahi kukikanyaga. Mshukuru, endelea na zako. Tahadhari: mabando yataisha kwa siku tofauti, na mtandao utakaoshika vizuri siku hiyo ni ule ulioishiwa bando.

Tatu, nunua rauta inayopokea modemu kadhaa, mwite fundi, mwambie agawe mzigo. Rauta itaipa kila shughuli laini yake: bei ya dhahabu ya London inapita hapa, WhatsApp pale, katuni za mtoto kwingine. Lakini faili moja kubwa litabaki kwenye laini moja, kwa mwendo wa jana. Fundi halijui hilo, au analijua sana. Atafungua programu ya kupima spidi, ambayo hufungua njia nyingi kwa mpigo. Namba zitapanda, utatabasamu. Tahadhari: mlipe hapohapo, kabla hujajaribu kutuma faili.

Nne, kataa kushindwa. Unganisha laini kwelikweli. Ipo programu ya bure, OpenMPTCProuter, iliyojengwa juu ya utaratibu wa MPTCP ambao Apple iliuingiza kwenye iPhone mwaka 2013. Inalikata faili vipande, inavipitisha laini zote, na seva uliyokodi mbali inavipanga upya. Kipande kilichotangulia hakifunguliwi mpaka kilichochelewa kifike. Laini mbili zikikimbia na ya tatu ikiwa inasoma E, zote huishia kuisubiri hiyo ya tatu. Tahadhari: seva inalipiwa kwa dola kila mwezi, na malipo hayo yanahitaji intaneti.

Tano, panda juu ya jiwe. Mawe Usukumani hayajawahi kuadimika. Tafuta minara, uihesabu. Mmoja. Kampuni kama Helios Towers hujenga mnara na kukodisha nafasi kwa mitandao kadhaa, hivyo huenda laini zako tatu zinaning'inia kwenye chuma kimoja na kula umeme mmoja. Duara la mgodi lenye mdomo mmoja hata ukilifunga winchi tatu, kifusi kinatokea mdomo uleule. Na ukibahatika kupata minara mitatu, bahari ina desturi zake: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu huko chini, na intaneti ikayumba nchi nzima, wewe ukiwa mamia ya kilomita kutoka pwani. Tahadhari: siku kama hiyo usipige huduma kwa wateja. Utaambiwa uzime simu, kisha uiwashe.

Sita, shika sheria ambazo hakuna aliyeziandika. Kila kijiji kina mahali pa mtandao: nyuma ya zahanati, chini ya mwembe fulani, au kwenye dirisha la mama mwenye nyumba, simu imetundikwa kwenye msumari ndani ya kifuko cha plastiki. Usiisogeze hata kidogo. Asubuhi sema "mwangaluka" kwanza, nenosiri baadaye. Karasha zikianza kusaga, taa zinafifia na rauta inajizima, vuta subira. Na ukishajulikana una laini tatu, jirani atakuja: "Mwalimu, nirushie hotspot kidogo." Mrushie. Kumnyima ni ubahili, na habari za ubahili hapa hazihitaji mnara. Tahadhari: kidogo ya jirani ni mechi nzima na dakika za nyongeza.

Saba, utakaposhindwa, weka faili kwenye flashi, mpe konda wa Hiace ya mjini pamoja na nauli ya mzigo. Jamaa yako huko atalituma kwa laini moja, tena akiwa anaongea na simu. Rauta usiitupe. Januari ataripoti mwalimu mpya. Muuzie kwa bei uliyonunulia, umpe na mwongozo huu bure. Akikuuliza kama inafanya kazi, usimdanganye. Mwambie mtandao ukiwa vizuri, inafanya kazi vizuri sana.