Sifa za Nyungunyungu

Samaki mukeke wa Ziwa Tanganyika kashasifiwa vya kutosha, tena na watu walioshiba. Leo zamu ni ya nyungunyungu, niliyempa makao katika beseni bovu uani kwangu mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ili anilishie chura wangu. Kufuga chura tu kunatosha mtu kusemwa mtaani. Kumfugia na kitoweo chake, jirani sasa ananisalimu kwa mbali.

Lakini nani kapata mpangaji kama huyu? Umeme ukikatika hana habari. Mafuta yakiadimika mjini, hapangi foleni. Anakula maganda ya ndizi, makapi ya chai na magazeti yaliyoloweshwa. Chumvi, ndimu na pilipili hagusi. Macho hana, meno hana, mapafu hana. Anapumua kwa ngozi, kwa hiyo udongo ukikauka anakufa, na beseni likijaa maji anatoka usiku kutembea sakafuni, jambo ambalo wageni wangu bado hawajalizoea. Ndoa yake haina mahari wala ubishi wa nani bwana: kila mmoja ni mume na ni mke, na wote wawili hutaga.

Mwanasayansi Darwin mwenyewe alimwandikia kitabu kizima, 1881, miezi michache kabla ya kufa. Nyumbani kwake waliwapigia nyungunyungu piano na zumari, hawakushtuka. Chungu chao kilipowekwa juu ya piano, noti moja tu, wakazama mashimoni. Tangu nijue hilo, spika za harusi zikifungwa, beseni nalihamisha.

Sifa nyingine zote huenda kwa chura. Yule wa msitu wa Bururi, hapa Burundi, mwenye kidole kirefu, hakuwa ameonekana tangu 1949. Alipopatikana 2011, akatangazwa dunia nzima. Nyungunyungu kosa lake ni kutopotea.

Na mezani je? Kwa kawaida chura hakijali chakula kisichosogea, basi nyungunyungu humrahisishia kwa kujinyonganyonga. Chura anamdaka, anamsukumia ndani kwa mikono miwili kama mtu aliyechelewa futari, kisha anafumba macho, na macho yenyewe yanadidimia kusaidia kumeza. Wale wekundu wa mbolea hujitetea kwa majimaji ya njano yenye harufu, na chura wangu huwatema. Aliyetemwa hadai fidia. Namsuuza, namrudisha beseninì, naye anaendelea na ganda lake la ndizi.