Na Ghali Pia ni Ghali

Amani, milimani kwetu mkoani Tanga, imezoea vifaa vya bei mbaya. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huku juu taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo, na tangu hapo mlima umepokea hadubini, mizani za maabara na wataalamu wa kila mdudu anayeruka na asiyeruka. Kila mgeni alikuja na sanduku lake, na kila sanduku lilikuwa na kazi yake. Kisha mpwa wangu naye akapandisha la kwake: monita ya gemu ya inchi 27, kioo kilichopinda, hezi 240, shilingi milioni moja na laki sita.

Mpwa wangu ana kibanda cha gemu kwenye njia wanayopita wachuma chai. Mali yake ilikuwa PlayStation 4 moja, pedi mbili, mabenchi mawili na televisheni ya inchi 32 aliyoikuta nyumbani kabla hajajua kusoma. Biashara ilikwenda vizuri. Kilichomharibia usingizi ni video za watu wa ng'ambo wakifungua maboksi ya monita kwa sauti ya chini, kama wanafunua maiti ya mfalme. Nilipomwuliza kwa nini asinunue ya laki mbili, alinijibu kwa heshima zote: "Mjomba, rahisi ghali."

Methali hiyo imewafilisi watu wengi kwa sababu haina sehemu ya pili. Mimi nimeiongezea: na ghali pia ni ghali.

Boksi lilitoka Dar es Salaam likateremkia Muheza bila mkwaruzo. Shida ilianza kwenye gari la kupanda Amani. Boksi lilichorwa askari mwenye macho mekundu anayetoa moto mdomoni, na juu yake kuna alama ya glasi iliyovunjika. Konda alielewa alama hiyo kuwa ndani mna vyombo vya harusi, kwa hiyo akalipa heshima ya kuliweka chini kabisa, likabebeshwa mfuko wa sembe na mtungi wa gesi. Mpwa wangu alipopiga kelele, abiria mmoja akamtuliza: "Tulia mgosi, vyombo vya siku hizi vya plastiki." Kuanzia Zigi, kwenye zile kona za utelezi, alisimama njia nzima amelishika boksi kama mtu anayemshikia mgonjwa dripu.

Kioo kilifika kizima. Niliitwa kutoka Tanga mjini nije kukitazama, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye msomaji wa vile vijitabu vinavyokuja na vifaa.

Jioni ya ufunguzi vijana walijaa. Swali la kwanza lilitoka benchi la nyuma: "Mbona limekuwa dogo?" Ni kweli. Kaka mkubwa wa inchi 32 alikuwa ameondolewa, akaja mdogo wa inchi 27 aliyelipiwa mahari kubwa zaidi. Swali la pili likafuata mpira ulipoanza: "Mgosi, sauti iko wapi?" Sauti haikuwepo. Monita nyingi za gemu hazina spika. Mtengenezaji hudhani mnunuzi atavaa hedifoni peke yake chumbani, wala hajawahi kufikiria watu kumi na wawili na mabenchi mawili. Basi vijana wakatangaza wenyewe. Mmoja alijitangaza huku akicheza, na kwa dakika tisini za gemu hakuwahi kupoteza mpira kwa kosa lake. Kila mara alichezewa rafu. Kesho yake tukavuta waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye sabufa, na ulimwengu ukarudi mahali pake.

La tatu lilikuwa kioo chenyewe. Kioo kilichopinda kimepindwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa katikati, na aina ile ya paneli hufifisha rangi ukiitazama kwa pembeni. Waliokaa katikati waliona Manchester United. Waliokaa ukutani waliona timu ya waridi, wakataka kurudishiwa nusu ya malipo.

Dada yangu, mama wa mwenye kibanda, alikuwa na matumaini yake tofauti. Alikuja na kisimbuzi chake cha zamani na zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, ili tamthilia yake ihamie kwenye kioo cha milioni. Tukaigeuza monita mgongo. Hapakuwa na tundu la waya hizo, wala la antena. Akanitazama mimi, si mwanawe. "Kaka, yaani hela yote hii haioni hata taarifa ya habari?" Nikamweleza kwamba monita si televisheni. Akasema hilo hata yeye sasa analiona, akaifunika monita kwa kitambaa cha kufuma, akaenda zake jikoni.

Ndipo nilipokaa na kile kijitabu, nikakuta jambo ambalo video zote hazikulisema. Hezi ni idadi ya mara ambazo kioo hubadilisha picha kwa sekunde moja. Kioo cha hezi 60 hukaa na picha moja kwa milisekunde 16.7, cha 144, milisekunde 6.9, cha 240, milisekunde 4.2. Lakini PlayStation 4 haitoi zaidi ya hezi 60 kwenye monita, hata ukiibembeleza. PlayStation 5, iliyotoka 2020, ndiyo inayofika 120. Kwa hiyo kioo cha 240 kilikuwa kinapokea picha 60 na kuzionyesha zilezile 60. Ni sawa na kulileta basi la mwendokasi la Dar kwenye barabara ya Zigi: basi ni zima, ila mwendo unapangwa na tope.

Isitoshe, monita ile ina nukta 2560 kwa 1440, na PS4 haina kipimo hicho. Hutuma 1920 kwa 1080, kioo kikainyoosha ijae. Picha ikawa na ukungu kidogo. Kwa kuwa hapa ni Amani, hakuna aliyeuliza.

Nimtendee haki mpwa wangu: vijana waliapa kwamba pedi imekuwa nyepesi, na hawakudanganya. Televisheni nyingi huichakata picha kwanza kabla ya kuionyesha, na ule ucheleweshaji mchezaji anausikia vidoleni. Monita huipitisha moja kwa moja. Ila faida hiyo ingepatikana hata kwa monita ya kawaida ya hezi 60, ile ya laki mbili aliyoikataa kwa methali.

Umeme nao una neno lake. Kituo cha umeme cha Hale, huko chini kwenye mto Pangani, kina mitambo ya megawati 21 tangu miaka ya sitini, kwa hiyo mkoa wetu si mgeni wa umeme. Lakini Amani hupata mvua karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na miti ya msitu ina tabia ya kulalia waya. Umeme ukikatika, hezi 240 na hezi 60 zinalingana kabisa. Ukirudi, hurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachoua vifaa. Mpwa wangu alikuwa na kioo cha milioni kilichochomekwa kwenye ekstensheni yenye tundu moja lililoungua. Stebilaiza alisema atanunua mambo yakikaa sawa.

Je, monita hizi zina thamani ya bei yake? Kwa wengine ndiyo. Mwenye kompyuta ambayo kadi yake ya picha inatoa fremu mia na kitu kwa sekunde, na anayecheza gemu za kulengana risasi, ataiona tofauti ya kutoka 60 kwenda 144. Amepunguza karibu milisekunde kumi kwa kila picha. Kutoka 240 kwenda 360 anapunguza 1.4 tu, wakati binadamu huhitaji kama milisekunde 200 kuona kitu na kubonyeza. Hapo bei hupanda mlima, faida ikabaki Muheza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye kibanda au mwenye mtoto anayeomba, nunua kwa mpangilio: kwanza kinga ya umeme, pili mashine, mwisho kioo, tena kile kinacholingana na mashine uliyonayo leo. Hezi 100 hadi 144 zinawatosha wengi. Kabla hujalipa, igeuze monita mgongo uhesabu matundu, kisha muulize muuzaji kama ina spika. Pesa ikibaki, ongeza pedi ya tatu, maana hizo mbili zitavunjika siku moja ya fainali.