Jinsi ya Kuwangoja Kunguru wa Eliya Huko Nyamira

Hatua ya kwanza ni kuamka mapema. Najua ulitarajia nianze na maombi, na maombi yapo, lakini huku Kebirigo na Nyansiongo chai haimngoji mtu aliyelala akimtumainia Bwana. Omba huku ukitafuta gambuti zako chini ya kitanda. Mungu husikia vizuri tu hata miguu ikiwa na matope.

Kisha ingia shambani, uchume majani mawili na chipukizi, ukifikishe kikapu kituoni kabla lori la kiwanda halijapita. Wakati karani anapima, ikumbuke mana. Kitabu cha Kutoka kinasimulia kwamba wale Waisraeli walioificha mana hadi asubuhi waliikuta imeingia mabuu na kunuka. Mkulima wa chai hana haja ya kufafanuliwa habari hiyo. Majani mabichi yakilala guniani hupata joto, hubadilika rangi, na kesho yake kiwanda hakiyataki. Wewe ambaye tangu utotoni umebeba mgongoni riziki isiyokubali kulazwa, umeshapata nusu ya somo. Nusu iliyobaki ni ngumu zaidi, kwa sababu inahusu bonasi.

Utaiombea bonasi. Kila mtu huiombea, Msabato na Mkatoliki, na hata yule asiyeonekana kanisani ila siku ya harusi. Hesabu za viwanda hufungwa mwishoni mwa Juni na bonasi hutoka karibu na Oktoba. Katikati hapo kuna karo ya muhula wa tatu, kuna michango ya makambi ya Agosti, kuna paa linalovuja. Kanuni hapa ni moja: usiile bonasi mwezi wa saba. Usiiandikishe dukani, usiifanyie sherehe, usiiwekee rehani kwa mikopo ya simu inayokukata kabla hujaiona pesa yenyewe. Na ukimaliza kuomba, nenda kwenye mkutano wa mwaka wa kiwanda chako. Kwa miaka ya karibuni wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamepokea bonasi ndogo kuliko wenzao wa Murang'a na Kirinyaga, kwa majani yaliyochumwa kwa vidole vilevile vya binadamu. Kusimama na kuuliza pesa zimekwenda wapi, na kumpigia kura mkurugenzi mwaminifu badala ya aliyekununulia soda, ni kazi ya mtu anayeamini kwamba Mungu anajali kilo zake.

Nunua daftari. Wapendao kuishi kwa imani humtaja sana George Müller, mhubiri wa Bristol, Uingereza, aliyefariki mwaka 1898 baada ya kuwatunza yatima wapatao 10,000 bila kuwaomba watu pesa. Wanalolisahau ni daftari lake. Kila kilicholetwa, hata sarafu ndogo kabisa, kiliandikwa, ripoti ikachapishwa, na hakukubali nyumba zake ziendeshwe kwa madeni. Mtu aliyeamini kwamba kila senti imetoka kwa Mungu alijua pia kila senti ilikokwenda. Kwa hiyo andika: maziwa, mbolea, sadaka, mchango wa mazishi, pesa ulizomtumia mjomba.

Hatua inayofuata itakuokolea ng'ombe. Ukimsikia mhubiri akisema kwamba Mungu atakufungulia mlango ukipanda mbegu ya elfu tano kabla ya saa sita usiku, na namba ya kutuma pesa ikipita chini ya runinga, zima runinga. Sina subira na biashara hiyo. Nimewaona kina mama waliouza mbuzi wa karo ili kununua muujiza, na watoto wakabaki nyumbani. Hakuna mahali ambapo Yesu aliwatoza nauli wale elfu tano kabla ya kumega mikate. Pesa hiyo kamlipie mtoto karo, na ukitaka kutoa sadaka, toa mahali ambapo mweka hazina unamjua kwa jina na unaweza kumuuliza risiti.

Sasa tufike kwa kunguru.

Katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 17, kunguru walimletea Eliya mkate na nyama asubuhi na jioni kando ya kijito cha Kerithi. Hapo ndipo wengi hufunga Biblia, wakatoka nje kutazama angani. Endelea kusoma. Kijito kilikauka, na Mungu akamtuma nabii wake kwa mjane wa Sarepta, mwanamke aliyekuwa akiokota kuni za kupikia unga wa mwisho, ale na mwanawe, kisha wafe. Eliya hakutumwa kwa tajiri. Riziki yake ilipitia katika chungu cha mtu aliyekuwa na njaa kuliko yeye.

Ukiishi Gusii, hadithi hiyo inakukaa vizuri. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, juu ya milima midogo yenye rutuba ambayo baba huwagawia wana, na wana huwagawia wajukuu, hadi shamba linakuwa mistari michache ya chai na migomba kando ya choo. Hakuna nafasi kubwa ya kunguru kutua. Lakini jirani yuko karibu kiasi cha kusikia sufuria yako ikiwa tupu. Wazee walilijua hilo kabla ya Wakatoliki kufungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911 na Wasabato kuanza kazi pale Nyanchwa: walikuwa na risaga na egesangio, watu wakilima shamba la huyu leo na la yule kesho. Leo ni kina mama wa Dorkas, kikundi cha huduma cha Wasabato, wanaofika na unga na sukari kwenye nyumba ya mgonjwa, ni jumuiya ndogo ndogo inayokutana sebuleni, ni harambee ya bili ya hospitali ambapo mtu wa boda boda hutoa mia mbili zake bila kipaza sauti.

Wakija kwako, pokea. Wengi wetu hukwama hapa. Tunaomba kwa machozi usiku, asubuhi mama Dorkas anabisha hodi na kifurushi, nasi tunamwambia tuko sawa kabisa, mama, apelekewe mwenye shida. Mama huyo ameacha kazi zake, amepanda mlima na mvua ikimnyeshea, akiwa jibu la maombi uliyoyaomba mwenyewe. Mwache aingie. Mpe kiti. Chukua unga.

Halafu zamu yako itafika, na itafika siku usiyo na kitu. Kata mboga ya chinsaga ugawe. Mpe mtoto wa jirani uji pamoja na wako. Na kama una mchumaji, hapa ndipo imani yako hupimwa kwenye mizani sahihi kuliko ya kituoni. Yeye pia aliomba leo mkate wa kila siku, na mkate huo uko mfukoni mwako. Kumbukumbu la Torati linaagiza kibarua maskini alipwe siku iyo hiyo, kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake unautegemea ujira huo. Msabato anayefagia boma, kuchota maji na kupika mapema siku ya Maandalio ana jambo moja zaidi la kumaliza Ijumaa ile kabla ya jua kuzama: hesabu ya kilo za mchumaji wake.

Kama malipo ya kiwanda hayajaingia, kata mkungu wa ndizi siku ya soko, uupeleke Keroka au Daraja Mbili, umlipe kwa pesa utakazopata. Usimwambie kwamba Mungu ndiye amempa. Mwambie asante kwa kazi. Wa kumshukuru atamjua mwenyewe.