Mzee wa Nyuki

Kilabu cha mnazi, Nguvumali, Tanga. Alasiri. Mbeta imetundikwa ukutani. Kata imo ndooni.

KATA: Shikamoo, mjomba. Yule mzee kaja tena.

MBETA: Marahaba. Kaketi kuelekea ukuta wa madeni?

KATA: Palepale. Kanitazama ndani, kauliza, “Nyuki wako wapi?” Kilabu kizima kikaangua kicheko.

MBETA: Jana aliwapata?

KATA: Watatu. Akawatoa kwa kijiti, akawapanga mezani, akawapigia saluti. Ati ndio waliomshinda Mwingereza hapa Tanga, Novemba 1914, alipoleta askari wapatao 8,000, na Mjerumani ana kama 1,000 tu.

MBETA: Hapo katia chumvi. Nyuki wale waliwauma wa pande zote mbili.

KATA: Basi kichaa huyo!

MBETA: Taratibu, mpwa wangu. Mimi ndiye ninayefungwa juu mnazini. Mgema akishachonga karara kwa kotama, asubuhi na jioni, tembo linanidondokea tamu, na nyuki wanalifuata na kunifia tumboni. Baada ya saa chache linachacha lenyewe, bila hamira. Likilala sana, siki. Sasa nyuki hao huwa wanatolewa wapi?

KATA: Uani. Mwenye kilabu huchuja.

MBETA: Na uani kuna nini kingine?

KATA: Kuna… bomba.

MBETA: Umenielewa. Nyuki ndani ya kata ni shahidi kwamba tembo halikupitia uani. Leo mzee kafanyaje?

KATA: Kaonja, kalipa nusu ya bei. Kasema, “Hii ya mnazi. Ya maji nitawapelekea mamlaka ya maji.”

MBETA: Na wale wanaomcheka?

KATA: Wanapiga makofi: “Mnazi wa leo kiboko!” Kisha wanaomba waandikiwe tena.

MBETA: Majina yao yako wapi?

KATA: Ukutani, kwa chaki. La mzee tu ndilo halimo.

MBETA: Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakutuambia wanaomsifu ni akina nani. Ni wadeni wake! Atakayesema tembo lina maji ataambiwa alipe kwanza.

KATA: Kumbe mzee ni mzima wa akili?

MBETA: Saluti ni wazimu wake, simtetei. Lakini kwa tembo kasema kweli, na nyie wanywaji, lipeni madeni yenu kwanza, ndipo mtuambie mnazi wa leo una ladha gani.